Tusimsingizie Jini Yaliyo ya Dawa

 

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo familia nyingi hulinong'ona tu, nalo ni dawa wanazopewa jamaa zetu waliolazwa katika wodi za magonjwa ya akili, na matatizo yanayozuka kutokana na dawa hizo. Tumelileta katika ukurasa huu kwa sababu matatizo hayo yanapotokea, mara nyingi huletwa kwetu sisi masheikh kabla ya kufikishwa kwa daktari, na wakati mwingine kwa daktari hayafiki kabisa.

Tuchukue mfano ambao kila aliyepata kufanya kazi katika wodi hizo anaujua. Kijana amelazwa akiwa na fujo, halali wala hali. Anachomwa sindano ya haloperidoli ili atulie. Siku ya pili mama yake anakuja na chakula saa ya kutazama wagonjwa, na kumkuta mwanawe shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeukia juu hayashuki, taya limekaza na ulimi unamtoka. Mama anapiga ukelele kuwa jini limejitokeza. Jua halijachwa, wazee wa ukoo wameshaamua kuwa mtoto atolewe hospitali akasomewe.

Hali hiyo ina sababu inayojulikana. Dawa za jamii ya haloperidoli hutuliza wazimu kwa kuizuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoiongoza misuli iende kwa mpango. Ikizuiwa ghafla, misuli ya shingo, ya macho na ya taya huweza kukaza. Hutokea zaidi katika siku chache za mwanzo, na zaidi kwa vijana wa kiume. Dawa yake ipo, nayo si ngeni. Sindano moja ya kulegeza misuli hiyo, kama promethazini, kwa kawaida huirudisha shingo mahali pake katika muda usiozidi nusu saa. Ila kwa nadra koo nalo hukaza, pumzi ikapita kwa shida. Familia inayomtia mgonjwa wa namna hiyo katika gari na kumpeleka safari ya saa tatu kwenda kwa mganga inacheza na roho ya mtu.

Hatukanushi kuwako kwa majini, wala hatudharau kisomo. Kuamini yaliyo ghaibu ni katika itikadi yetu, na Qur'ani ni shifaa kwa waumini. Lakini fiqhi imetufundisha kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Sindano iliyochomwa jana ni yakini, imeandikwa katika faili na muuguzi aliyeichoma yupo. Jini ni dhana yetu. Basi kwa nini tuanze na dhana? Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alituamrisha tujitibu.

Lipo tatizo jingine linalofichika zaidi kuliko hilo. Mgonjwa hawezi kukaa. Hutembea wodini usiku kucha, huinuka na kuketi, huchezesha miguu, na akiulizwa husema ndani ya mwili wake kunachemka. Mtu akimwona hudhani wazimu umezidi, kumbe ni dawa ile ile inayomsumbua. Likidhaniwa hivyo, dozi huongezwa, na mateso nayo huongezeka. Wapo walioichukia hospitali maisha yao yote kwa sababu ya siku hizo chache. Hapa daktari anamhitaji jamaa wa mgonjwa kuliko kipimo chochote, kwa kuwa jamaa ndiye anayeweza kusema, "Alipoletwa alikuwa anasikia sauti, lakini kuhangaika huku hakuwa nako kabla ya sindano." Sentensi hiyo moja huweza kubadilisha matibabu yote.

Na ikiwa mgonjwa amepatwa na homa kali, mwili ukawa mgumu kama ubao, akatokwa na jasho na kupotewa na fahamu, asisubiriwe mpaka asubuhi. Ni nadra, lakini huua.

Tukisema haya hatutaki mtu akimbie dawa. Dawa ya kwanza ya jamii hii, klorpromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilikuwa imeanza tangu mwaka 1910, na ya Mirembe kule Dodoma mwaka 1927. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi milango ilifunguliwa na watu wakalazwa kabla dawa kama hiyo haijajulikana popote duniani. Kabla ya hapo zilitegemewa zaidi dawa za usingizi, kufuli na mikanda. Anayeitupa dawa leo kwa kuchukia maudhi yake na aikumbuke hali hiyo. Nasi Waislamu si wageni wa tiba ya maradhi haya. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284 aliwatengea nafasi wagonjwa wa akili, na kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwishaandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi kwa pamoja.

Wodi nazo zina wajibu wao, na hapa hatusemi hospitali moja. Mgonjwa wa akili huweza kuitika jina lolote analoitwa. Katika wodi yenye akina Juma Ali wawili, muuguzi mmoja na sinia la vidonge vya watu wengi, dawa ya huyu kumezwa na yule si jambo la ajabu. Wengine huficha kidonge chini ya ulimi na kukitema chooni, daktari akaona dawa haifanyi kazi, akaongeza. Shirika la Afya Duniani liliona ukubwa wa mambo kama haya katika hospitali za kila aina, likaanzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara ya dawa yanayoepukika. Lakini kampeni ya dunia haitamuuliza muuguzi wa zamu jina la kidonge. Atakayemuuliza ni wewe uliyekuja na chakula. Kujua jina la dawa, kazi yake na maudhi yake ni haki ya mgonjwa, na anayesimama kwa niaba yake ameshika amana. Kuuliza kwa adabu si kumtuhumu mtu.

Katika mwezi wa Ramadhani liko jambo linalotuhusu sisi hasa. Wapo wagonjwa wanaotumia lithiamu, dawa yenye manufaa makubwa kwa wanaopanda furaha kupita kiasi kisha wakazama katika huzuni. Kiasi chake katika damu hutakiwa kiwe baina ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita; kikipita 1.5 dalili za sumu huanza kuonekana. Mikono hutetemeka sana, mtu hutapika na kuharisha, akayumba na ulimi ukawa mzito. Mwili unapokaukiwa maji, kiasi hicho hupanda, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hukipandisha pia. Sasa mfikirieni mfungaji wa pwani katika joto, amepungukiwa na maji tangu alfajiri, kichwa kinamuuma, anafuturu kwa vidonge vya maumivu. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Asifunge kwa kuona haya mbele za watu, wala asiache lithiamu ili apate kufunga. Aende kwa daktari wake katika Shaabani, kabla mwezi haujaandama.

Wanaotumia klozapini nao wasiyapuuze maumivu ya koo yanayofuatana na homa, kwani dawa hiyo kwa nadra huangusha chembe nyeupe za damu. Nchini Ufini mwaka 1975 ilikwishaua watu kwa njia hiyo, ndiyo maana vipimo vya damu havikosi kuandamana nayo.

Familia na iwe na daftari dogo: jina la dawa, kiasi chake, siku iliyoanza, na kilichobadilika baada yake. Daftari hilo lisomwe mbele ya daktari anapopita wodini, na liende na mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, kwani huko ndiko dawa nyingi huachwa kimya kimya. Anayetaka mgonjwa wake asomewe asimtoe hospitali. Atuite, nasi tutakuja saa ya kutazama wagonjwa, tusome kando ya kitanda chake, na kidonge cha saa mbili usiku kimezwe kwa wakati wake.