Taa za mchana kwenye gari kuukuu: mimi namtetea mshikaji

Haya wadau, wiki hii hakuna stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Leo tubishane kuhusu taa. Toka juzi vimbwetani hakukaliki, eti kwa sababu mshikaji mmoja wa Uhandisi kafunga taa za mchana za kujitengenezea kwenye Corolla ya mjomba wake, ile ya mwaka 1998. Nusu ya watu wanamcheka. Wanasema ni sawa na bibi kizee kujipaka wanja. Mimi nasema kafanya jambo la maana, na sababu zangu ninazo.

Kwanza tuwekane sawa. Taa za mchana ni zile taa mbili nyeupe za mbele zinazojiwasha zenyewe ukishawasha gari. Hazimwonyeshi dereva njia, maana jua lipo. Kazi yake ni moja tu, gari lionekane. Kwa hiyo mwenye faida kubwa ni yule anayesubiri kuvuka barabara, yaani mimi na wewe tusio na gari. Ndo maana naandika hapa wakati sina hata baiskeli.

Hebu simama jioni, saa kumi na moja na nusu hivi, pembeni ya Morogoro Road kule Kimara. Gari zinazotoka Mbezi zinakuja na jua mgongoni. Unachoona ni vivuli vyeusi, na gari la kijivu juu ya lami ya kijivu unashtukia liko puani. Au barabara zetu za hapa Mlimani zilizofunikwa na miti: gari likiingia kivulini linapotea, likitoka limeshakufikia. Wanaosema taa za mchana ni za Wazungu wasio na jua wanasahau kwamba jua letu kali linaleta na kivuli kikali. Nukta mbili nyeupe zinakwambia mapema: kuna gari, na linakuja kwako.

Swali la pili la vimbwetani: kama zina maana, mbona Wajapani hawakuziweka? Jibu ni sheria, wala si ubovu wa gari. Japani ilikuja kuziruhusu taa za mchana za namna ya Ulaya Oktoba 2016. Ndo maana magari mengi ya mtumba tunayoletewa kutoka kule, yakiwa ya kabla ya hapo, hayana. Lakini Corolla za miaka hiyohiyo ya 1990 zilizouzwa Kanada zilikuwa nazo, kwa sababu kule zililazimishwa kwa magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989. Sweden iliwataka madereva wote wawashe taa mchana tangu 1977. Umoja wa Ulaya ukaja kuzilazimisha kwa aina mpya za magari kuanzia Februari 2011. Kwa hiyo mshikaji hajabuni urembo, kalipa gari kitu ambalo ndugu zake wa Kanada walizaliwa nacho.

Haya, wapinzani nao wana hoja, tusiwaonee. Austria ililazimisha taa mchana Novemba 2005, ikafika Januari 2008 ikafuta. Hofu mojawapo ilikuwa kwamba macho yakizoea kutafuta taa, mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli wanasahaulika. Na Marekani, utafiti wa serikali wa mwaka 2008 haukuona upungufu mkubwa wa ajali kwa jumla. Sawa, nakubali si dawa ya kila kitu. Haitamzuia dereva anayechati huku anaendesha. Lakini mimi ninayevuka sihitaji muujiza, nahitaji sekunde moja ya ziada ya kuliona gari, na sekunde hiyo naipata kwa vifaa ambavyo bei yake haifiki hata tairi moja jipya.

"Betri itakufa!" Jamani. Injini ikiwa inanguruma umeme unatoka kwenye alteneta, volti 13.8 hadi 14.4 hivi, na betri inachajiwa. Betri inakufa pale mtu anapozima gari akasahau taa. Ukitegemea dimu za kawaida hatari hiyo ipo, maana balbu mbili za wati 55 ni wati 110, bado taa za nyuma. Taa za LED za mchana zote mbili kwa kawaida hazifiki hata robo ya hapo, na zikiunganishwa kwenye swichi ya ufunguo zinazimika ukizima gari. Hakuna cha kusahau.

Sasa upande wa lawama. Ninachokipinga ni zile taa za disko. Unakuta mtu kafunga mkanda wa buluu unaomemeta, mwingine nyekundu mbele. Huo si usalama, ni fujo, na rangi hizo waachieni polisi na gari la wagonjwa. Taa ya mchana iwe nyeupe, itulie, isipepese. Kipimo cha kimataifa kinataka kila taa iwe na mwanga wa kandela 400 hadi 1200, ikae sentimita 25 mpaka 150 kutoka chini, na kati ya taa na taa isipungue sentimita 60. Fundi wa mtaani hana kipimo cha kandela, lakini utepe anao!

Jingine ni usiku. Taa hizi zisizozimika giza likiingia zinampofusha anayekuja. Mshikaji katumia rilei ya miguu mitano: umeme wa ufunguo unaingia mguu namba 30, unatokea 87a kwenda kwenye taa. Waya wa taa ndogo unaenda 86, na 85 inaenda bodi. Ukiwasha taa ndogo tu, rilei inavuta, taa za mchana zinakatika zenyewe. Na waya wa umeme kauwekea fyuzi ndogo pale pale unapoanzia. Hii fyuzi wengi wanairuka, halafu waya ukichunika kwenye bati la moto gari linaungua, lawama zinaenda kwa mchawi.

La mwisho kwa wenye magari: taa za mchana hazigusi taa za nyuma. Magharibi ikiingia usijidanganye kwamba mbele kunang'aa basi mambo safi, kumbe nyuma ni giza tupu na lori linakuja. Washa taa zenyewe.

Msimamo wangu ndo huo. Nyeupe, zimetulia, zina fyuzi, usiku zinazimika: fungeni, hata kama gari lina umri wa kukuzaa. Kama ni za kumemeta, bora ubaki bila. Anayebisha aje na hoja, ila aje kwa miguu kupitia barabara kuu, saa kumi na moja na nusu jioni.

Alamsiki.