Duka Limekufa, Deni Lako Li Hai

Wiki hii Mzee wa Risiti, kama wasomaji wa safu hii walivyombatiza, alipita penye duka moja la fanicha na vyombo vya umeme jijini Nairobi, akakuta limefungwa. Mlangoni palibandikwa matangazo mawili. La kwanza, kwa wino mwekundu wa kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: waliokopa waendelee kulipa, namba ya Paybill hii hapa. La pili, kwa viherufi vya chungu: wanaolidai duka wajaze fomu. Fomu yenyewe iko kwenye saiba ya jirani, kurasa nne, na saiba hainakili bure.

Hasira ikampanda. (Mkewe husema humpanda hata kwa bei ya mkate, lakini hilo tuliache.)

Hapo mlangoni alikuwepo mama mboga mmoja. Alichukua friji kwa lipa polepole na amefika nusu ya deni; godoro la mwanawe anayeingia bweni alishalilipia lote, akaambiwa atalipata Ijumaa.

"Basi pesa ya godoro ikatwe kwenye friji," alimwambia karani aliyeachwa kulinda mlango.

"Hizo ni faili mbili tofauti, mama."

Faili hizo ziko hivi. Mfilisi hukusanya mali ya duka, na deni la mteja ni mali kama rafu na magari: atalidai mwenyewe au atawauzia wakusanya madeni. Lakini aliyelipia mzigo asiopewa huwa mdai asiye na dhamana, mkiani, nyuma ya benki zenye dhamana, gharama za ufilisi, mishahara na kodi. Mfano ni kampuni ya supamaketi ya Nakumatt: iliingia mikononi mwa msimamizi Januari 2018. Miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Foleni hiyo ina mkia mrefu! Na Mzee anashuku kwamba sheria hizi zimeandikwa na watu wasiowahi kununua godoro kwa kudunduliza.

Ulaya nako si peponi. BrightHouse ya Uingereza, iliyowakodishia watu wa kipato kidogo makochi na mashine za kufulia hadi wamalize kulipa, ilianguka Machi 2020 ikiwa na maduka yapatayo 240. Wateja waliambiwa waendelee kulipa. Waliokuwa wakidai fidia kwa kukopeshwa wasichokimudu walipelekwa kulekule mkiani.

Ila Waingereza wana kanuni moja: kampuni ikifilisiwa, na wewe unaidai huku nayo inakudai, hesabu hizo hukatana, na kinachohesabiwa ni salio. Mzee alimweleza karani jambo hilo kwa upole wote aliobakiwa nao.

Karani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama anataka kulipia friji ya mama.