Mali Iliyookotwa Ina Mwenyewe

Mfanyakazi apotezaye kibeti chake njiani hapotezi kipande cha ngozi tu. Hupoteza fedha zilizosalia mpaka mwisho wa mwezi, na kitambulisho ambacho bila hicho hahudumiwi benki wala ofisini. Akipoteza na simu yake ya mkononi, huenda akiba yake yote imo humo. Tajiri akiangusha kibeti hununua kingine. Maskini akiangusha chake, nyumba nzima huweza kulala na njaa. Kwa hiyo jambo hili la vitu vilivyopotea mjini, ambalo wengi huliona dogo, sisi twaliona kuwa ni kipimo cha namna mji unavyowajali watu wake wa kawaida.

Mji unaotajwa mara nyingi ulimwenguni katika jambo hili ni Tokyo, mji mkuu wa Japani. Katika mwaka 2018 polisi wa mji huo walipokea vitu zaidi ya milioni 4 vilivyookotwa, pamoja na fedha taslimu zaidi ya yen bilioni 3.8. Simu zipatazo 130,000 ziliwarudia wenyewe, yaani zaidi ya 80 katika kila 100. Vitambulisho vilivyorudi vilizidi 70 katika kila 100, na vibeti vilizidi 60. Wageni wasikiapo hesabu hizo husema, "Wajapani wana moyo mwema," nao huishia hapo. Hatubishi kwamba malezi yana sehemu yake, maana mtoto wa Kijapani hufundishwa mapema kwamba hata sarafu moja iliyookotwa hupelekwa polisi. Lakini kutaja moyo peke yake ni kueleza nusu ya habari, na nusu inayoachwa ndiyo ile ambayo watu wengine wangeweza kujifunza.

Nusu hiyo ni sheria na utaratibu. Japani ilitunga sheria ya mali iliyopotea mwaka 1899, ikaiandika upya mwaka 2006, na sheria mpya ikaanza kutumika Desemba 2007. Aokotaye kitu barabarani yampasa akipeleke polisi katika muda wa siku 7. Akiokotaye ndani ya kituo cha reli au duka, ampe mwenye mahali hapo katika muda wa saa 24. Akichelewa, hupoteza haki zake zote juu ya kitu hicho. Akikificha na kukitumia, aweza kufungwa kifungo kisichozidi mwaka 1 au kutozwa faini. Lakini akikifikisha kwa wakati, sheria humtendea haki. Mwenye mali akitokea, yampasa ampe mwokotaji zawadi isiyopungua sehemu 5 katika kila 100 za thamani ya kitu, wala isiyozidi 20. Miezi 3 ikipita bila mwenyewe kuonekana, mali huwa ya mwokotaji. Naye asipokwenda kuichukua katika miezi 2 inayofuata, huingia katika hazina ya umma. Vitambulisho na simu havimo katika haki hiyo, kwa kuwa vimebeba siri za mtu, na siri ya mtu haiwi malipo ya mwingine.

Tena utaratibu huo uko karibu na watu. Tokyo ina vituo vidogo vya polisi zaidi ya 800 vilivyotapakaa mitaani, hata mtu aokotapo kitu hana haja ya kukata mji mzima kutafuta pa kukipeleka. Askari huandika kitu kilivyo, mahali kilipookotwa na saa yake, kisha humpa mwokotaji stakabadhi. Baadaye vitu hupelekwa katika bohari kuu ya polisi huko Iidabashi, vikapangwa kwa tarehe na mahali vilipotoka. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Tokyo imeonyesha kwamba mali yenye daftari huweza kurudi nyumbani.

Twaomba msomaji aitazame sana hiyo stakabadhi. Katika miji mingi atishwaye na kitu kilichookotwa si mwizi, kwani mwizi amekwisha kwenda zake. Ni mtu mwaminifu, hasa akiwa maskini. Akipeleka kibeti kituoni aogopa kuulizwa amekipata wapi, na kwa nini fedha zimepungua. Akikaa nacho nyumbani aogopa kuitwa mwizi. Mwisho hukitazama pale chini, akakipita, akamwachia asiye na hofu. Stakabadhi humtoa mtu huyo katika hatari. Yasema kwamba fulani alileta kitu fulani, siku fulani, kikiwa hali fulani, na kuanzia hapo dhamana imehamia kwa aliyeandika.

Hata hivyo Tokyo haikumaliza kila jambo. Mwaka huohuo wa 2018 miavuli zaidi ya 300,000 ililetwa bohari, na iliyodaiwa na wenyewe haikufika hata 2 katika kila 100. Sababu yake si siri. Mwavuli wa bei rahisi hununuliwa dukani mvua inaponyesha na kusahauliwa jua linapotoka. Mwenyewe huona nauli ya kuufuata yazidi bei yake. Ndiyo maana sheria ya sasa imeruhusu vitu vya namna hiyo viuzwe baada ya wiki 2, na muda wa kutunza vitu vingine ukapunguzwa kutoka miezi 6 hadi miezi 3. Bohari inagharimu fedha za umma, na mji wenye busara huchagua kipi kitunzwe sana na kipi kisitunzwe.

Miji mingine ilipoelemewa na gharama hiyo ilichagua njia nyingine. Mwaka 2016 polisi wa London waliacha kupokea sehemu kubwa ya vitu vilivyookotwa barabarani, wakibakiza vya namna chache tu. Shirika la usafiri la mji huo liliendelea na ofisi yake ya vitu vilivyosahauliwa katika mabasi na treni, ofisi iliyofunguliwa Baker Street mwaka 1933 na kukaa hapo hadi mwaka 2019. Huko vitu hutunzwa miezi 3, na visivyodaiwa hugawiwa kwa misaada, huuzwa mnadani au huharibiwa. Basi aliyesahau koti lake ndani ya basi ana mlango wa kubisha. Aliyeangusha pete yake kando ya barabara hiyohiyo hutegemea bahati, ingawa aliyeiokota huenda ni mwaminifu vilevile.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni ya nchi tajiri, na kwamba kwingineko watu ni wezi tu. Maneno hayo hayana ushahidi. Mwaka 2019 wataalamu wa uchumi walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwa miongoni mwao. Walikabidhi vibeti zaidi ya 17,000 kwa wahudumu wa mabenki, mahoteli, posta na ofisi nyinginezo, wakisema kwamba wameviokota, kisha wakangoja kuona ni wahudumu wangapi watamwandikia mwenyewe. Visivyokuwa na fedha, wenyewe waliandikiwa mara 40 hivi katika kila 100. Vyenye fedha, mara 51. Fedha zilipoongezeka, uaminifu nao uliongezeka, kinyume cha walivyotazamia wajuzi wengi. Haya yatufundisha kwamba mtu wa kawaida hapendi kujiona mwizi, na kadiri hasara ya mwenzake ilivyo kubwa ndivyo dhamiri inavyomsumbua.

Kwetu Afrika ya Mashariki fikira hii si ngeni. Torati imeagiza kwamba ng'ombe wa ndugu yako aliyepotea umtunze mpaka mwenyewe amtafute, na wanazuoni wa Kiislamu wa pwani wamefundisha siku zote kwamba aokotaye kitu cha thamani akitangaze mwaka mzima. Hata leo vitambulisho hutangazwa redioni na misikitini. Sheria za makosa ya jinai za Tanzania na Kenya nazo zimeeleza kwamba mwokotaji si mwizi ikiwa hakumjua mwenyewe, na alikuwa na sababu nzuri za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Lakini kumwambia mtu ni lini atakuwa mwizi si sawa na kumwonyesha mlango wa kupitia ili asiwe mwizi.

Mlango huo hauhitaji utajiri wa Tokyo. Wahitaji daftari, kabati lenye kufuli, mtu mmoja mwenye dhamana, stakabadhi kwa kila aletaye kitu, na muda unaojulikana ambao ukipita kila mtu ajua mali inakwenda wapi. Kituo kikuu cha mabasi chaweza kuwa nao. Soko laweza, na kiwanda chaweza vilevile. Jambo la mwisho ndilo la kuangaliwa zaidi, maana pasipo muda na mnada wa hadhara, kabati la vitu vilivyookotwa hugeuka kuwa kabati la mlinzi wake, na watu wakikwisha kuona hivyo mara moja hawaleti tena.

Kondakta aokotaye kibeti chini ya kiti usiku, baada ya abiria wote kushuka, hana shahidi ila nafsi yake. Tukimtaka awe mwaminifu na huku hatukumwekea pa kukipeleka, tumemtwisha yeye peke yake mzigo uliokuwa wa mji mzima. Madiwani na wakuu wa vituo vya mabasi waanze na daftari moja. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya kibeti kimoja.