Nyimbo Zetu Zimefungiwa Stoo

Kurasa nyingi za jarida letu, kama kawaida, zimejaa mashairi ya mapenzi na vilio vya githeri. Nami nimekuja na kilio changu, lakini si cha tumbo. Nyinyi mnaosema ati mambo ya kwaya ni ya wanakwaya, hebu nivumilieni kidogo.

Muhula wa kwanza kwaya ilitaka kuimba wimbo wa mavuno wa Kikamba uliopangwa kwa sauti nne na mwalimu wetu wa muziki wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Walimu wakongwe wanamkumbuka. Likizo zikifika, wenzake wakienda kupumzika, yeye alizunguka vijijini na redio ya kanda, akiwaomba akina nyanya wamwimbie, kisha usiku anaandika nota. Wengi wa nyanya hao wametangulia mbele ya haki, na kanda zilikwisha haribika. Kwa hivyo nyimbo zile hazina makao mengine ila maandishi yake.

Na maandishi yako wapi? Hapo ndipo penye kizungumkuti. Karatasi tulizikuta stoo, nyuma ya viti vilivyovunjika, lakini mchwa walikuwa wametutangulia. Sauti ya besi ilikuwa imeliwa yote. Tukasema si neno, mwalimu aliziandika pia kwa tarakilishi (au kompyuta, kama tunavyoiita bwenini). Ofisini tukapewa flashi yenye nyimbo 11 na disketi zenye nyimbo tatu. Tukakimbia maabara. Wapi! Hakuna faili hata moja iliyofunguka. Bingwa mmoja wa Kidato cha Tatu akasema atalifungua faili kwa nguvu, kwa programu ya kuandikia barua. Zikaja alama za ajabu ajabu skrini nzima, na juu kabisa neno moja lililosomeka: ENIGMA. Kwa Kiingereza maana yake ni fumbo. Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mfiwa.

Fumbo lenyewe ni hili. Mwalimu alitumia programu iitwayo Finale, iliyotoka Marekani mwaka 1988 na kutumiwa na watunzi wengi duniani. Faili zake za zamani, zenye kuishia na herufi mus, huhifadhi nota kwa lugha yake yenyewe. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba baada ya miaka 35 haitaiendeleza tena. Walio nayo hawakunyang'anywa, lakini haiuzwi tena, na mashine zilizo nayo zinazeeka. Mimi siilaumu kampuni. Duka lina haki ya kufungwa. Sisi ndio tuliokaa miaka yote bila kuuliza nyimbo zetu zimewekwa ndani ya nini.

Wimbo mmoja ulikuwa na nakala ya MIDI, mfumo uliobuniwa 1983 ili vinanda vya umeme viweze kuzungumza. Huo ulifunguka, tukapiga makofi. Kumbe tumeshangilia mapema. MIDI hukumbuka kidole kimebonyeza nini, lini na kwa nguvu gani, basi. Haijui kutofautisha F ya kupandishwa na G ya kushushwa, maana kwenye kinanda ni kibao kilekile. Maneno ya wimbo hayakuwemo, na nota moja ndefu ilitokea imekatwakatwa kama sukuma wiki.

Kilichotuokoa ni tarakilishi ya mwalimu mwenyewe, iliyokuwa stoo hiyohiyo chini ya magunia. Iliwaka! Saa yake ilidai kuwa tuko mwaka 2009, lakini Finale ilikuwa ndani, toleo la 2012, nayo inajua kutoa faili kwa mfumo wa MusicXML. Mfumo huu ulianzishwa na Mmarekani Michael Good na toleo la kwanza likatoka 2004, makusudi ili programu mbalimbali za muziki zipashane nota. Ni maandishi matupu: ukilifungua faili unaona kwa macho yako jina la nota, oktava yake na urefu wake. Tulizitoa zote 11, tukazifungua kwa MuseScore, ambayo ni ya bure, na nyanya wa Ukambani wakaanza kuimba tena katika maabara ya tarakilishi. Sitaki kudanganya, si kila kitu kilivuka salama. Maneno mengine yalihamia chini ya nota zisizo zao, na alama za kuimba polepole zikatangatanga. Kaka mmoja aliyeimba besi hapa zamani alitupigia simu akatuimbia sauti yake nzima kwa kichwa, nasi tukasahihisha.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana wako, na wengine ni marafiki zangu. Wapo wasemao tuimbe kwa kusikiliza rekodi. Rekodi ni mchuzi uliokwisha iva; nenda basi ukamtoe alto humo peke yake. Wapo wasemao PDF inatosha. PDF ni picha. Mwaka huu soprano wetu walishindwa na nota za juu, tukaushusha wimbo kutoka ufunguo wa G hadi F kwa dakika moja. Picha ingetushushia nini? Wapo pia wanaosema karatasi ndiyo mfalme, na hao nawaheshimu, kwa sababu Bach alifariki 1750 na maandishi ya mkono wake yanasomeka mpaka leo, ilhali ya mwalimu wetu yalitaka kutushinda. Lakini karatasi za Bach hazikulala kwenye stoo yetu.

Ninalodai ni dogo. Kila wimbo wa shule uwe na faili la MusicXML, uwe na PDF, na uchapishwe kwa solfa uwekwe maktaba, si stoo. Kazi hii ifanywe muhula huu, kwa sababu juzi ile tarakilishi ilizima yenyewe mara mbili na sasa inanuka moto. Ati tungoje bajeti ya mwaka ujao? Bajeti ya nini, wakati programu ni ya bure na vijana wa kuifanya kazi tupo?

Zile nyimbo tatu za disketi bado hatujazipata. Mashine ya stoo ina tundu la disketi lakini limeshika kutu. Mwenye mzazi, mjomba au jirani aliye na tarakilishi ya zamani yenye tundu zima, tafadhali anione Alhamisi baada ya michezo. Disketi anazo mwalimu mlezi wa chama, ndani ya bahasha ya kaki, na amesema hazitoki mkononi mwake bila yeye kuandamana nazo.