Somo la Mita za LUKU: Kipimio Nacho Hupimwa

Mombo, Tanga. Zoezi la kuboresha mita za LUKU, ambalo ukomo wake ulikuwa tarehe 24 Novemba, 2024, liliwagusa wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wanaolipia umeme kabla ya matumizi, kuanzia majiji makubwa hadi miji midogo kama Mombo, ilipo njia panda ya kupandia Lushoto. Chanzo chake kilikuwa hesabu. Katika mfumo wa kimataifa wa STS, tokeni ya umeme ilibeba namba iliyohesabu dakika tangu mwaka 1993, na namba hiyo ina nafasi ya dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Baada ya hapo, mita isiyoboreshwa isingepokea tokeni mpya.

Mteja alipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza yalibadili ufunguo wa mita, na la tatu liliingiza umeme. Kwake ilikuwa kazi ya dakika chache. Kwa wahandisi, mabadiliko ya aina hii hudai majaribio ya kina, kwa kuwa kosa moja laweza kuziacha kaya nyingi gizani kwa wakati mmoja.

Miongoni mwa nyenzo za majaribio ya mitambo ya namna hii ni emuleta, kifaa kinachochomekwa kwenye saketi mahali pa prosesa na kufanya kazi yake. Kwa kifaa hicho, mhandisi huweza kusimamisha programu hatua kwa hatua, kukagua kumbukumbu na kujaribu tokeni za tarehe ambayo haijafika.

Hata hivyo, emuleta yenyewe yaweza kupotosha. Ikitofautiana kidogo na prosesa halisi katika kasi au umeme, mita hufaulu mezani na kushindwa ukutani. Ndiyo maana hujaribiwa kwanza peke yake, kisha huunganishwa na saketi inayojulikana kuwa nzima, na hatimaye majibu yake hulinganishwa na ya mita halisi. Msingi huo ndio unaotumiwa na Wakala wa Vipimo (WMA): mizani ya sokoni huhakikiwa kabla ya kupimia mazao.

Hesabu mpya ya dakika imeanzia mwaka 2014, hivyo itafikia ukomo mwaka 2045. Kwa taasisi za umma, muda huo ni fursa ya kuweka uhakiki wa vifaa vya majaribio katika mipango na bajeti mapema, ili mwananchi asigeuzwe kuwa mjaribio wa kwanza.