Karatasi au Kompyuta? Maoni Kutoka Mgololo na Liganga

Swali la kama kompyuta ni bora kuliko karatasi katika masomo na kazi za ofisi aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni mashindano kati ya kitu kipya na kitu kikongwe. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yetu ni kwamba ubora wa chombo haupimiki pasipo kumtazama yule atakayekigharimia, kukitengeneza kinapoharibika na kukitunza. Nyanda za Juu za Kusini zinatupatia mfano mzuri, kwa kuwa huko swali hili lilikwisha kujibiwa kwa vitendo.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Wizara ya Fedha kwa mashine hizo kuleta hasara. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, jirani na Makambako, kilianza uzalishaji kikiwa kimekusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Hatudai kwamba maamuzi hayo mawili yalipangwa pamoja. Lakini ni nadra kuiona nchi ikielemea upande mmoja kwa uwazi namna hii. Na bado karatasi haikushinda. Miti ya Sao Hill ilikuwepo, reli ya TAZARA ilikuwepo. Kiwanda kilihitaji pia makaa ya mawe, kemikali, vipuri na fedha za kigeni, na katika miaka ya 1990 mitambo yake ilisimama. Mwaka 2004 kilikabidhiwa kwa wawekezaji binafsi, na sasa kinajulikana zaidi kwa karatasi za mifuko na vifungashio kuliko za madaftari. Kwa hiyo anayesema karatasi haihitaji mitambo wala umeme anasema nusu ya ukweli: haivihitaji darasani, lakini kiwandani haipatikani bila hivyo.

Nusu hiyo ya darasani, hata hivyo, ni nzito. Mwanafunzi wa kidato cha nne wa Ludewa huandika mtihani wake wa taifa kwa kalamu. Kumfundisha utungaji kwa kompyuta moja inayogombaniwa na darasa zima ni kumnyima mazoezi. Kwa shule za namna hiyo twachagua karatasi bila kusita. Ofisini mambo ni kinyume: yeyote aliyewahi kungoja jalada lake litafutwe masjala anajua sababu.

Swala linalotugusa zaidi sisi wa taaluma ya lugha liko Liganga. Jina hilo leo huandamana na madini ya chuma na mikataba ya kuyachimba, ilhali Wapangwa waliyeyusha chuma katika nchi hiyo zamani, na kazi hiyo ilikuwa na istilahi zake: za tanuri, za mivukuto, za miiko ya wafuaji. Zinapotoweka, hazirudi. Tuwafikirie basi watafiti wawili wa miaka ya 1990, mmoja akiziandika kwa penseli daftarini, mwingine akizihifadhi katika disketi. Daftari lingali linasomeka. Disketi, hata kama ni nzima, imekosa mashine ya kuisomea. Lakini daftari nalo lina ububu wake: anayetaka kulinganisha ngeli za maneno elfu moja atapekua kurasa kwa miezi, kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa dakika chache. Hazina ya matini za Kiswahili iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki imedhihirisha faida hiyo vya kutosha.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba idara zetu zisipokee tasnifu yenye data ya uwandani iliyo katika kompyuta pekee. Data yote ichapwe nakala mbili za karatasi: moja ibaki maktaba ya chuo, na nyingine irudishwe Ludewa, ambako wazee waliotoa maneno hayo, au wajukuu wao, wanaweza kuisoma na kuisahihisha.