Donda ndugu na vidonge vya rejareja

Nilipokuwa mwanafunzi katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, marehemu baba yangu alikuwa na donda ndugu mguuni. Kila tulipopata senti tulimnunulia antibayotiki, vidonge vinne leo, sita wiki ijayo. Donda lilikauka juu, kisha likafumuka tena. Majirani walisema amerogwa.

Leo mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Burundi, na bado nawaona wazazi wa wanafunzi wangu wakifanya yale yale. Ndugu wasomaji, lililomshinda baba halikuwa uchawi. Bakteria wakikaa kidondani kwa muda hujijengea utando wa ute, kama ule unaoteleza kwenye meno ya mtu asiyepiga mswaki. Ndani ya utando huo huweza kustahimili dawa hata mara 1,000 ya kiasi kinachowaua wale wanaoelea peke yao.

Wataalamu wanatafuta silaha katika protini ambazo viumbe hujikinga nazo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha maabarani kwamba laktoferini, protini iliyomo katika machozi na maziwa ya mama, huwanyima bakteria madini ya chuma, nao badala ya kutulia na kujenga utando huhangaika huku na huko. Kabla ya hapo, mwaka 1987, Michael Zasloff alieleza juu ya magainini, zinazotoka katika ngozi ya chura wa Afrika mwenye kucha. (Chura wetu, maabara yao!) Dawa iliyoigwa kwake, peksiganani, ilijaribiwa kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 Marekani ilikataa kuiidhinisha, na majaribio mengine yakashindwa mwaka 2016. Protini za aina hii ni ghali kutengeneza, na vimeng'enya vya kidonda huzikatakata upesi.

Basi tusimngoje chura. Kinachowezekana leo ni muuguzi wa kuosha kidonda na kukwangua utando pamoja na nyama iliyokufa, na kama dawa inahitajika, imezwe dozi nzima. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe huduma hiyo ipo katika kila kituo, hata cha mlimani kabisa, na wenye maduka wakomeshwe kuuza vidonge vinne vinne bila cheti.

Baba alikwanguliwa donda mara moja tu, na mganga msaidizi mmoja kambini. Kwa miezi mitatu alitembea bila fimbo. Kisha yule mganga akahamishwa.